Sura ya Tano: Ugeni wa Mwenye Kulelewa Humu Nchini

Aliyezoea kudhani kwamba ugeni huanza mpakani atatatizika akiitazama habari ya vijana wa Kirundi walioingia Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, kwani wengi wao walizaliwa au kulelewa papa hapa Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako wazazi wao walipewa ardhi baada ya kuyakimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walisoma kwa Kiswahili, katika shule za msingi zilizofuata mafunzo yaleyale ya watoto wa raia. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 1966 iliwataka wakae walikopangiwa, na aliyetoka bila kibali alikuwa mkosaji tangu hatua ya kwanza ya safari yake. Mtafiti Mmarekani Marc Sommers, aliyeishi karibu nao mjini, aliandika kitabu kizima juu ya hofu yao, kikatoka mwaka 2001.

Kazi iliyowapokea aghalabu ilikuwa ushonaji. Kijana alimfuata ndugu au mwenzi wa kanisani aliyemtangulia, akapewa cherehani ya kuinamia mchana kutwa, na usiku, milango ikishafungwa, wengine walitandika mkeka baina ya mashine na mabaki ya vitambaa wakalala papo hapo dukani. Faida ya kazi hiyo haikuwa ujira peke yake, kwani mteja humwuliza fundi bei na siku ya kuichukua nguo, wala hamwulizi kabila. Na fundi, kichwa kikiwa chini, masikio yake huwa wazi kwa mazungumzo ya barazani, akajifunza wepesi wa ulimi wa mji, utani wake na majina ya vituo vya daladala.

Aliyeulizwa kwao alijibu Kigoma, kwa kuwa Kiha na Kirundi hukaribiana hata ikawa muhali kwa mtu wa pwani kuvitenga. Jibu hilo lilikuwa stara, na lilikuwa kifungo pia, maadamu Muha wa kweli akihamia mtaa uleule, wa Tandika au wa Mwananyamala, ilibidi akwepwe, asije akauliza kijiji na jina la babu. Nami naona uzito mkubwa wa maisha yale ulikuwa hapa kuliko katika ufukara: kijana husitawi kwa kupata marafiki, ilhali kwa huyu kila rafiki mpya alikuwa hatari mpya, na katika nyumba za Uswahilini, ambamo vyumba hutazamana na uani ni pa wote, mpangaji asiyetembelewa na mtu huzungumzwa upesi.

Si wageni wote waliolazimika kujificha. Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alipokuja mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, alikuta mji umekwisha kuupenda muziki wa kwao, na kituo cha Sinza kwa Remmy kingali kikiitwa kwa jina lake.

Mwaka 2007 serikali iliwafungulia wakimbizi wa 1972 mlango wa uraia, na watu wapatao 162,000 wakaupata. Sharti la awali lilikuwa kwamba wayaache makazi, watawanyike mikoani wakae miongoni mwa raia wengine. Sharti hilo likaja kuachwa mwaka 2014. Mafundi wa Kinondoni na Temeke walikuwa wamekwisha kulitimiza miaka mingi nyuma, kwa nauli yao wenyewe na kwa hofu ya kukamatwa.