BUKARI INASHIBISHA, LAKINI MBOGA NDIYO INAJENGA

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kwenye kazi tunavaa kaske, viatu vigumu na miwani. Vitu hivyo vinalinda mwili kwa inje. Kuna ulinzi mwingine ambao magazini ya kampuni haiwezi kukupatia: ule unaopikwa nyumbani, ndani ya chungu. Leo tuzungumuze juu ya ulinzi huo.

Hapa kwetu, tangu Kolwezi mupaka Likasi na Lubumbashi, mutu akisema "nimekula", anataka kusema "nimekula bukari". Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wafanyakazi wa shaba walipokuwa wakigawiwa magunia ya unga, jamaa nyingi zilizoea kupima chakula kwa gunia: unga ukiwa ndani ya nyumba, hakuna njaa. Lakini tumbo linaweza kujaa na mwili ukabaki na njaa.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Chakula cha kutia nguvu: bukari, viazi vitamu, muchele, mafuta.

Chakula cha kujenga mwili: maharagi, karanga, soya, samaki, nyama, mayai, maziwa.

Chakula cha kulinda mwili: sombe, lengalenga, matembele, papai, embe, mapera.

Bukari ni kama mazutu ndani ya kamyo. Bila mazutu, kamyo haitembei. Lakini mazutu haitengenezi breki iliyokwisha. Mahindi yana chakula cha kujenga, lakini ni kidogo na hakikamiliki. Muhogo una kidogo zaidi. Ukiongeza maharagi ao karanga, vile mahindi yamekosa vinapatikana humo. Kwa hiyo bukari na maharagi ni chakula cha akili, si chakula cha masikini.

MUTOTO ALIYEACHISHWA KUNYONYA

Mutu anayeumia kwanza katika nyumba ni mutoto wa mwaka mumoja ao miwili. Mama amepata mimba ingine, ziwa linakatwa kwa gafula, na mutoto anapewa bukari na supu. Kisha majuma machache miguu yake inavimba, na uso unakuwa munene. Jirani anasema: "Mutoto amenenepa!"

Usifurahi haraka. Fanya hivi: finya kwa kidole juu ya muguu wake, hesabu pole pole mupaka tatu, kisha uachilie. Kama shimo linabaki, ile si mafuta, ni maji. Angalia tena: nywele zinageuka nyekundu-nyekundu na kungoka bure, ngozi inabanduka, mutoto hachezi, hacheki, anakataa chakula.

Ugonjwa huo unaitwa kwashiorkor. Jina hilo linatoka katika luga ya Waga wa Ghana. Munganga Cicely Williams aliliandika katika gazeti la waganga katika mwaka wa 1935. Kwao ni ugonjwa unaoshika mutoto wa kwanza wakati mudogo wake anakuja. Wazee wetu pia waliona wakati ule ule. Lakini si mimba inayoharibu mutoto, wala si uchawi wa jirani. Mutoto amepoteza maziwa, na hakupata chakula cha kujenga kwa kuyarudishia. Surua na kuhara vinakuja kuongeza hatari.

Ukiona dalili hizo, peleka mutoto kwenye kituo cha afya siku ile ile. Ugonjwa huu unaua. Usipoteze juma moja kwa kutafuta nani amemuroga.

NANI ANAPATA SAMAKI?

Baba, neno hili ni lako. Katika nyumba nyingi samaki inawekwa mbele ya baba, na watoto wanachovya bukari ndani ya supu. Hatusemi ulale njaa, kazi yako ni nzito. Lakini mwili wako umekwisha kujengwa, na wa mutoto unajengwa sasa. Kipande kidogo cha samaki, nusu ya yai, vijiko viwili vya maharagi yaliyopondwa: kwako hivyo ni kidogo, kwake ni kingi.

Mupe mutoto sahani yake, usimuache ashindane na wakubwa wake. Tumbo lake ni dogo: inafaa ale mara inne ao tano kwa siku.

UJI WENYE KUJENGA

Mutoto anyonye ziwa peke yake mupaka miezi sita. Kisha aendelee kunyonya mupaka miaka miwili, na umuongezee uji huu:

— vikombe vitatu vya unga wa mahindi;
— kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa vizuri;
— kijiko cha ndakala kavu zilizosagwa, na mafuta ya ngazi kidogo.

Chota unga kwa kadiri ya mutoto, uchanganye na maji safi, upike mupaka uive vizuri. Mafuta ya ngazi yanasaidia macho. Usiyachome mupaka yawe meupe. Karanga zenye ukungu zitupe, zina sumu inayoharibu ini.

NA WEWE UNAYESHUKA KAZINI

Mutu aliyepungukiwa na damu anachoka upesi na anasikia kizunguzungu. Juu ya ngazi ao karibu na mashini, kizunguzungu ni aksida. Usiende kwenye poste ya usiku na tumbo tupu, wala usihesabu pombe kama chakula. Nyama, samaki, maharagi na mboga za majani vinaleta damu. Kula navyo pera ao ndimu, vinaingia mwilini vizuri zaidi. Chai uinywe mbali na chakula, kwa sababu inazuia chuma ya chakula kuingia katika damu. Bibi mwenye mimba anahitaji vitu hivyo kuliko wewe.

SIKU YA PAYE

Kabla ya kununua gunia la pili la unga, kaeni wawili, bwana na bibi, muhesabu: maharagi, karanga, ndakala, mafuta ya ngazi, chumvi yenye iodi. Nyuma ya nyumba pandeni lengalenga. Hata kipande kidogo cha udongo kinatosha.

Na leo magaribi, chungu kikiteremushwa, angalia kwanza sahani ya yule mudogo kuliko wote. Kama ina bukari na supu tu, anza kurekebisha hapo.