Mkono Usioonekana: Siri ya Wanasesere Wanaotembea Kwenye Filamu

MZAZI anapowasha runinga ili watoto watulie, ni nadra kujiuliza yule kondoo aitwaye Shaun, anayetembea kwa miguu miwili na kumsumbua mkulima wake, ameundwa kwa kitu gani. Wengi wetu humwita katuni, tukamweka kundi moja na wale wanaochorwa kwa kalamu au kwa kompyuta. Shaun hakuchorwa. Ni mwanasesere hasa, wa kushikika mkononi, aliyesimamishwa juu ya meza katika studio ya mjini Bristol, Uingereza, akasogezwa na binadamu mara maelfu kwa maelfu.

Sanaa hiyo watengenezaji wa filamu huiita stopu-mosheni. Sisi tutaiita uhuishaji wa picha moja moja, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Tumeona vyema kuieleza katika kurasa hizi za familia kwa sababu moja kubwa. Watoto wetu wanaona picha nyingi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, na sasa kompyuta hutunga sura na sauti za watu ambao hawajapata kuzaliwa, hata mtu mzima akashindwa kupambanua. Ajuaye picha inavyoundwa hadanganyiki nayo kwa wepesi. Nasi hatujaona darasa jepesi la maarifa hayo kuliko hili la mwanasesere na meza.

Jicho hudanganywa vipi?

Filamu yoyote ni mfululizo wa picha zilizotulia, zinazooneshwa moja baada ya nyingine, kwa kawaida picha 24 katika kila sekunde. Kwa kasi hiyo ubongo hauwezi kuzitenga. Huziunganisha, ukaona mwendo. Katika filamu ya kawaida, mtu hutembea na kamera ikaendelea kupiga. Katika sanaa hii, kamera husubiri. Fundi humweka mwanasesere, akapiga picha moja. Humsogeza kidogo mno, pengine upana wa punje ya mchele, akaondoa mkono, akapiga ya pili. Mkono hauonekani katika picha hata moja, ilhali ndio uliofanya yote.

Tupige hesabu. Dakika moja ya filamu inahitaji picha 1,440. Mafundi wengi huupiga kila mkao picha mbili, hivyo mikao hupungua ikawa 720. Hata hivyo, kila mkao una shingo, macho, mikono na vidole vya kupangwa, na meza ikigongwa katikati ya kazi, aghalabu kipande chote huanzwa upya.

Mwanzo wa jambo hili ulikuwa kiini macho. Georges Méliès wa Ufaransa, aliyekuwa mfanya mazingaombwe jukwaani kabla ya kushika kamera, alitambua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba ukisimamisha kamera, ukamtoa mtu, kisha ukaiwasha tena, mtazamaji ataona mtu ametoweka. Waliokuja baada yake waliugeuza mchezo huo wa kutoweka kuwa sanaa ya kutembea.

Mbawakawa wa Kaunas

Mmoja wao ni Ladislas Starewicz, aliyezaliwa Moscow mwaka 1882 na kufanya kazi katika jumba la makumbusho la mji wa Kaunas, nchini Lithuania, iliyokuwa wakati ule chini ya dola ya Urusi. Alipenda mno wadudu. Mwaka 1910 alitaka kuonesha jinsi mbawakawa dume wenye taya kubwa kama pembe wanavyopigania jike. Tatizo ni kwamba wadudu hao hupigana usiku, na kila taa za kupigia picha zilipowashwa walitulia tuli.

Starewicz hakukata tamaa. Alichukua mbawakawa waliokufa, akaipachika miguu yao upya kwa nyaya na nta ili ipindike, kisha akawapiga picha moja moja, mkao baada ya mkao. Vita ambavyo wadudu hai walikataa kuvipigana mbele ya kamera, wadudu wafu walivipigana.

Baadaye aliwatungia wadudu hao visa kamili, wakivaa viatu na kupanda baiskeli. Filamu hizo zilipofika nchi nyingine za Ulaya, wapo walioamini kwa dhati kwamba kuna mtaalamu aliyewafunza mbawakawa hai kuigiza. Tusiwacheke. Wao waliona kwa macho yao, na macho ni shahidi tunayemwamini kuliko wote. Lakini hapo ndipo penye somo la kwanza: kuona peke yake hakutoshi kuwa ushahidi mpaka ujulikane mwendo wa kitu ulikotoka.

Baada ya mapinduzi ya Urusi, Starewicz alihamia Ufaransa, akaendelea na kazi nyumbani kwake akisaidiwa na binti yake Irène. Alifariki mwaka 1965, akaacha filamu moja mezani ambayo haijakamilika.

Mkasi wa Lotte Reiniger

Mwanamke aliyeipeleka sanaa hii mbali kabisa hakutumia wadudu wala udongo, bali mkasi. Lotte Reiniger alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1899, na tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata karatasi nyeusi zikatoa vivuli vya watu na wanyama. Mwaka 1918 aliitwa kusaidia filamu ya kisa cha mpiga zumari na panya wa mji wa Hamelin. Panya hai hawakutii amri ya mtu, ndipo yeye na wenzake wakawasogeza panya wa mbao, picha moja moja.

Mwaka 1923 tajiri mmoja wa benki, Louis Hagen, alimwezesha kufanya jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu: filamu ndefu nzima ya vivuli. Studio ilikuwa juu ya banda la gari mjini Potsdam. Reiniger alilaza vikaragosi vyake juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, kamera ikiwa imening'inia juu. Kila kikaragosi kilikatwa vipande vya karatasi ngumu na bati jembamba la risasi, vikaunganishwa kwa nyaya kama bawaba, ili kiwiko kikunjike na shingo igeuke. Mumewe, Carl Koch, alisimamia kamera. Kazi ilichukua miaka mitatu. Picha zilizopigwa zilipita laki mbili, na zilizotumika hazikufika laki moja.

Filamu hiyo, ya kisa cha Mwanamfalme Ahmed, ilioneshwa Berlin mwaka 1926. Ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Ile ya Snow White ya Walt Disney ilikuja miaka 11 baadaye. Msomaji wetu atakuwa amekwishalitambua jina la Ahmed, kwani visa vyake vimetolewa katika Alfu Lela Ulela, hadithi zilizosomwa na kusimuliwa kwa Kiswahili katika mwambao wetu kwa vizazi. Wamo farasi arukaye angani, Peri Banu, na Aladini na taa yake.

Hata vivuli vyenyewe si vigeni kwa ulimwengu wa Kiislamu. Mjini Cairo katika karne ya 13 aliishi Ibn Daniyal, mzaliwa wa Mosul na tabibu wa macho, ambaye aliandika tamthilia za vivuli, tatu kati ya hizo zipo hadi leo. Waturuki nao wana mchezo wao wa vivuli uitwao Karagöz, nasi hatuwezi kulipita jina hilo bila kulisikia neno letu wenyewe: karagosi.

Pamoja na sifa hizo, lipo jambo ambalo mzazi hana budi kulijua kabla ya kuwaonesha wanawe filamu hiyo. Mchawi mwovu wa kisa, mwenye mgongo wa kibyongo na vidole kama kucha za kunguru, ameitwa humo "mchawi wa Kiafrika". Watu wa mbali wamekatwa kwa mzaha na vitisho, kama Ulaya ya zama zile ilivyopenda kuwaona. Karatasi haikujikunja yenyewe ikawa hivyo. Katika sanaa ambayo hakuna kinachosogea pasipo mkono, kila pua iliyorefushwa na kila mgongo uliopindwa ni uamuzi wa mtu. Mtoto aweza kuustaajabia ufundi wa Reiniger, na wakati huohuo akauliza kwa nini mwovu amepewa bara letu kuwa jina. Maswali hayo mawili hayapingani.

Nyumba iliyojenga viunzi

Nchini Marekani, Willis O'Brien ndiye aliyemtembeza gorila King Kong mwaka 1933. Jitu lile lililoonekana kukwea ghorofa ndefu kuliko zote za New York lilikuwa, katika sehemu kubwa ya filamu, mwanasesere wa takriban sentimita 46, mwenye kiunzi cha chuma ndani na manyoya ya sungura nje. Ukitazama kwa makini, utaona manyoya yakitikisika kama yaliyopulizwa na upepo. Si upepo. Ni mahali vidole vya fundi vilipomshika kati ya picha moja na nyingine.

Miongoni mwa watazamaji wa mwaka ule alikuwapo kijana wa miaka 13 wa Los Angeles, Ray Harryhausen. Alitoka ukumbini akitaka kujua jambo moja tu: limefanywaje? Wazazi wake hawakumwambia aache upuuzi. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine, alimchongea viunzi vya chuma kwa miaka mingi. Mama alishona mavazi ya wanasesere. Kijana huyo ndiye aliyekuja kumtia Sindbad Baharia katika filamu tatu, ya kwanza mwaka 1958. Mwaka 1963 aliwapiganisha viunzi saba vya mifupa na watu watatu wenye panga. Pambano hilo la dakika chache lilimchukua zaidi ya miezi minne, na zipo siku alizomaliza picha 13 tu, yaani nusu sekunde.

Subira ya namna hiyo haijatoweka. Nick Park wa Uingereza alianza filamu yake ya kwanza ya Wallace na Gromit mwaka 1982 akiwa mwanafunzi, akaikamilisha mwaka 1989. Wahusika wake ni wa plastisini, na alama za vidole huonekana usoni mwao. Kompyuta ingeweza kuzifuta, lakini hakuna aliyetaka zifutwe.

Tufanye nini nyumbani?

Tunapendekeza familia ijaribu yenyewe. Kinachohitajika ni simu yenye kamera, programu ya bure ya kuunganisha picha, na jioni moja. Isimamisheni simu imara kati ya vitabu vizito, isiguswe ila kwa kubonyeza. Fungeni mapazia na mtumie taa, kwa sababu jua huhama na vivuli huhama nalo. Sogezeni kitu kidogo kidogo, mkipiga picha 12 kwa kila sekunde. Kisa cha sekunde 10 ni picha 120 tu.

Suala la sanamu na picha za viumbe lina maneno ya wanazuoni, na si mahali pake hapa. Anayechukua tahadhari hakosi la kufanya: vifuniko vya soda vinaweza kupanga safu, maharage yanaweza kuandika jina la mtoto, kikombe kinaweza kuvuka meza kikamfuata birika.

Kufikia picha ya thelathini mtoto atachoka, na ya hamsini ataulizia chakula. Msimwache aache. Atakapoona maharage yakitembea kwa sekunde nne, atajua zimegharimu nini. Na siku atakapoletewa katika simu picha ya kustaajabisha, ya kuchukiza au ya kumchochea dhidi ya mwenzake, huenda akatulia kabla ya kuisambaza, akauliza lile swali alilojifunza mezani kwenu: ni mkono wa nani uliosogeza hiki, na ulitaka nione nini?