Sauti Imeishia Wapi?

Kompyuta ya nyumbani ikinyamaza, wa kwanza kulaumiwa ni spika. Zitapigwa makofi mawili matatu mgongoni, waya utatikiswa, na zisipoamka kompyuta itabebwa hadi kwa fundi. Fundi mwenye haraka ana dawa moja kwa maradhi yote: "Tupige Windows upya." Simcheki, maana dawa hiyo nimewahi kuinywa. Nilipiga Windows usiku kucha, nikarudisha programu moja baada ya nyingine, na alfajiri ndipo nilipoinama nyuma ya kompyuta nikaona pini ya spika iko kwenye tundu la waridi. Mtu alifagia, akaichomoa, akairudisha tundu la jirani.

Rangi za matundu hayo zilienea kutokana na mwongozo wa PC 99, uliotolewa na Microsoft na Intel ili kila mtengenezaji asiwe na zake. Kijani ni sauti inayotoka kwenda kwenye spika, waridi ni maikrofoni, buluu ni sauti inayoingia kutoka kwenye redio au kifaa kingine. Lakini upana wa matundu yote ni uleule, milimita 3.5, kwa hiyo pini huingia popote na kukaa vizuri, na kosa halijitangazi.

Tangu siku ile siulizi kilichoharibika ni nini. Nauliza sauti imefika wapi. Wimbo ukiwa ndani ya diski bado ni tarakimu tu. Ule wa ubora wa CD una vipimo 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake. Programu inazifungua tarakimu hizo na kuukabidhi mfumo endeshi, ambao unazichanganya na milio ya programu nyingine. Kisha draiva, yaani programu inayoendesha chipu ya sauti, inazipeleka kwenye chipu hiyo, na chipu inazigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ni dhaifu mno, ndiyo maana spika za mezani zina amplifaya yake na waya wake wa kuchomeka ukutani. Njia hii ni kama ya maji: yasipofika bombani, fundi hachimbui bomba zima toka mtaroni hadi jikoni. Hufungua katikati, akaona yamefika au hayajafika, na nusu ya kazi imekwisha.

Anza na mwisho wa njia, kwa kuwa ni rahisi: chomoa spika kwenye kompyuta, zichomeke kwenye simu au redio. Zikilia, ziache, hazina kosa. Kama unatumia sabufa, tazama kwanza imewekwa kwenye nini. Sabufa nyingi zinapokea sauti ya AUX, ya flashi, ya FM na ya Bluetooth, na nyingine umeme ukikatika na kurudi hazikumbuki zilikuwa wapi. Utahangaika na kompyuta saa nzima, kumbe sabufa inasubiri flashi.

Sasa ingia katikati. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, halafu Enter. Litafunguka dirisha la mtindo wa kizamani lenye orodha ya vifaa ambavyo sauti inaweza kutokea, na kando ya kile kinachotumika pana kipimo kidogo cha kusimama. Cheza wimbo, ukitazame. Kikilala tu, rudi nyuma: video imezimwa sauti, au kivinjari kimenyamazishwa, au programu hiyo pekee imeshushwa hadi sifuri. Kikirukaruka kwa kijani, tarakimu zimepita salama na kosa liko mbele. Sijui kwa nini dirisha hili halitajwi zaidi. Limeniokolea muda kuliko programu yoyote ya kujipima yenyewe.

Na mara nyingi kipimo kinarukaruka vizuri, ila kando ya jina la monita. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, hivyo ukichomeka monita mpya, Windows inaweza kuamua kwamba spika ziko huko. Monita nyingi hazina spika hata moja. Sauti imefika, lakini mahali pasipo na mdomo. Bofya kwa kulia jina la spika zako kwenye orodha, uzifanye kifaa cha kawaida, na nyumba italia. Hedifoni za Bluetooth nazo hucheza mchezo huohuo, zikiwa zimewaka ndani ya mkoba chumba cha pili.

Draiva inakuja baada ya hayo yote, si kabla. Ni kweli Windows ikijisasisha huweza kubadilisha draiva iliyokuwa ikifanya kazi. Hapo unaifuta, unawasha kompyuta upya, nayo huitafuta tena yenyewe. Walioshika kadi za Sound Blaster, zilizotoka mwaka 1989 kwa kampuni ya Creative ya Singapore, watacheka: wao walilazimika kuuambia kila mchezo wa DOS namba tatu, 220, kisha 5 au 7, kisha 1, na namba moja ikikosewa ni kimya. Ukitaka kujua kama kosa ni la Windows au la upande wa chipu, azima hedifoni za USB. Zina chipu yake ndani. Zikilia, Windows ni nzima, na mgonjwa ni chipu ya kompyuta, draiva yake, au matundu yake.

Kwenye kompyuta mpakato, tundu la hedifoni lina swichi ndogo ndani: pini ikiingia, spika za ndani zinazimwa. Vumbi likijaa au kijichuma kikipinda, kompyuta huamini kwamba umevaa hedifoni mwaka mzima. Dalili ni orodha kuonyesha hedifoni wakati tundu ni tupu. Zima kompyuta, ingiza na utoe pini mara kumi hivi, usichokoe kwa sindano. Ikikataa, mara nyingi tundu limeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mama, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukifika kwake mwambie ni tundu la hedifoni, asije akapiga Windows.