Tairi Ndilo Gia ya Mwisho: Malori ya Njombe na Hesabu ya Dizeli (Sehemu ya Tatu)

Baada ya sehemu ya pili ya makala haya kutoka, mfanyabiashara mmoja wa mbao alinisimamisha karibu na njiapanda ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Alikuwa na daftari mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nimetoa matairi ya 11.00R20 nikafunga ya 12.00R20 ili lori lisikwame huko Lupembe. Kukwama kumepungua kweli. Lakini angalia mwenyewe. Zamani nilipata kilomita mbili na nusu kwa lita, sasa ni mbili nukta nne. Huyu kijana wangu ananiuzia mafuta njiani?"

Nililisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kijana hakuwa ameiba hata kikombe. Ila jibu lake ni refu kuliko mazungumzo ya kando ya barabara, ndiyo maana leo naliandika lote, kwa faida yake na ya matajiri wengine wa Njombe wanaobadilisha matairi bila kujua kwamba wamebadilisha na gia.

Tuanze na dashibodi. Kilomita zinazoandikwa pale haziji kutoka barabarani. Zinatoka kwenye giaboksi, ambako kifaa kidogo kinahesabu mizunguko ya shafti inayokwenda kwenye propela. Kifaa hicho kimefundishwa kwamba mizunguko kadhaa ni kilomita moja, na kinaamini hivyo hata ukifunga tairi la trekta. Tairi la 11.00R20 lina kimo cha karibu milimita 1,085, la 12.00R20 lina karibu 1,125. Tofauti ni sentimita nne, yaani asilimia 3.7 hivi. Basi dashibodi inaposema kilomita 100, lori la yule bwana limekwenda karibu 103.7. Mafuta yametumika ya safari ndefu, daftari limeandika safari fupi. Gawanya 2.5 kwa 1.037 utapata 2.41, ile ile iliyomkosesha usingizi.

Naomba kila mwenye lori arudie hesabu hiyo kabla ya kumfukuza dereva. Nimeona vijana wazuri wakipoteza kazi kwa sababu ya sentimita nne za mpira.

Sasa tuingie chini ya gari. Difu ina gia mbili kubwa za kuzungumzia: pinioni, ile ndogo iliyo mwisho wa propela, na krauni, ile duara kubwa inayozungusha ekseli. Ukienda duka la spea kuulizia seti ya Fuso, muuzaji atakuuliza ni 6/37 au 6/40. Namba ya kwanza ni meno ya pinioni, ya pili ni meno ya krauni. Gawanya 37 kwa 6 unapata 6.17, maana yake propela inazunguka mara sita na zaidi kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Huenda umejiuliza kwa nini namba kama 37, 41 na 43 zinajirudia sana kwenye krauni. Hazigawanyiki na kitu, kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na ulaji unagawanyika sawa. Wahandisi waliopanga hivyo walifikiria miaka ishirini mbele, nami huwafikiria kila ninapoona seti ya krauni iliyozeeka bila kutoboka upande mmoja.

Difu yenye namba kubwa, kama hiyo ya 6.17, inavuta kwa nguvu na haikimbii. Yenye namba ndogo, kama 2.71, inakimbia huku injini imetulia, lakini mlimani inataka gia ya chini mapema. Hadi hapo mafundi wote wanakubaliana. Wanachosahau ni kwamba kazi haiishii kwenye krauni. Baada ya ekseli kuzunguka mara moja, lori linakwenda mbele kiasi cha mzingo wa tairi. Tairi kubwa hupiga hatua ndefu, tairi dogo hatua fupi. Kuongeza kimo cha tairi kwa asilimia nne ni sawa kabisa na kupunguza namba ya difu kwa karibu asilimia nne. Tairi halina meno, halikai ndani ya oili, na linauzwa na mtu asiyejua difu yako ni ya ngapi. Hata hivyo ndilo gia ya mwisho ya lori, na uamuzi wa injini kunguruma au kutulia unaishia kwake.

Tuchukue tairi linaloonekana zaidi kwenye semi za barabara hii, 315/80R22.5. Upana ni milimita 315. Ukuta wake ni asilimia 80 ya upana huo, yaani 252. Kuta mbili, ya juu na ya chini, 504. Rimu ni inchi 22.5, sawa na milimita 571.5. Jumla ni karibu 1,076. Mzingo wake ungekuwa mita 3.38, ila tairi lililobeba mzigo hukandamizika, kwa hiyo hatua yake halisi ni kama mita 3.28. Spidi inayoruhusiwa kwa magari makubwa nchini ni kilomita 80 kwa saa, ambayo ni mita 1,333 kwa dakika. Gawanya kwa 3.28: gurudumu linazunguka mara 406 kila dakika. Ukiwa gia ya juu ambayo ni moja kwa moja, zidisha 406 kwa namba ya difu. Difu ya 3.08 inaipa injini mizunguko 1,250 hivi. Difu ya 4.42 inaipa karibu 1,800. Lori ni lile lile, spidi ile ile, na injini ya pili inapiga mizunguko 550 zaidi kila dakika kutoka Makambako hadi Chalinze.

Kwa injini kubwa za dizeli, kila mizunguko 100 unayoipunguza kwenye mwendo wa kawaida huokoa kama asilimia moja ya mafuta, wakati mwingine zaidi kidogo. Si utajiri wa ghafla. Lori likinywa lita 300 kushuka Dar es Salaam, kupunguza mizunguko 300 kunaokoa lita tisa. Lakini safari zikiwa 60 kwa mwaka, hizo ni lita 540 za kwenda peke yake, na lita 540 ni ada ya watoto.

Kuna kosa la upande wa pili, na kwa maoni yangu siku hizi ndilo linalokua haraka zaidi. Malori mengi yaliyotumika Ulaya yanaingia nchini na difu za 2.71 au 2.59. Kule yalikuwa na matairi mafupi ya 315/70R22.5, yenye kimo cha karibu milimita 1,013, na yalipangwa kwenda karibu kilomita 90 kwa saa kwenye barabara tambarare. Kwa matairi hayo, difu ya 2.71 ilikuwa inaipa injini mizunguko kama 1,320. Lori likifika hapa, tunavua matairi yale na kufunga 315/80, kwa sababu ndiyo yaliyojaa madukani na yanainua gari kidogo. Kisha tunaliendesha kwa kilomita 80. Hesabu mpya inatoa mizunguko 1,100 tu. Injini nyingi za lita 12 au 13 ndiyo kwanza zinaanza kushika nguvu hapo. Kila mwinuko mdogo wa Nyololo au Mafinga unamlazimisha dereva ashuke gia, na gia ya chini yake inampeleka 1,400. Nimekaa kwenye kabati la lori la namna hiyo kutoka Makambako hadi Iringa. Gia ya juu haikukaa kwa muda wa kumaliza soda. Tajiri alilipia difu ya kuokoa mafuta, akaifutia kazi kwa matairi. Kwa semi ya 315/80 inayofanya Dar, Makambako na Tunduma, ningetafuta difu kati ya 3.08 na 3.42, na nisingevutwa na namba ndogo zaidi eti kwa sababu Mjerumani anaitumia.

Mapenzi yetu kwa difu za nguvu yana historia, na siyadharau. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipata mafuta yake kwa malori yaliyopita njia hii ikiwa bado ya vumbi na tope. Lami ilikuja baadaye, na ya Makambako hadi Songea ikasubiri mpaka miaka ya 1980. Madereva waliowafundisha madereva wa leo walijifunza kazi kwenye tope, na kwao difu nzuri ilikuwa ile inayotoka. Hekima hiyo ilikuwa sahihi kwa barabara yake. Barabara imebadilika, na lori linalolala kwenye lami siku 27 za mwezi halipaswi kuchaguliwa difu kwa ajili ya siku tatu za msituni.

Ila kuna mzigo ambao difu haiwezi kukupunguzia, na ni vizuri uujue usije ukamlaumu fundi. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kuinua lori la tani 50 kutoka pwani hadi hapo kunahitaji nishati ya kilowati-saa 218. Lita moja ya dizeli ina kama kilowati-saa 10, na injini nzuri inafikisha nne kwenye magurudumu. Hizo ni karibu lita 55, mbali na upepo, mbali na msuguano wa matairi. Weka difu yoyote, utazilipa, sehemu yake pale Kitonga. Ukishuka, mlima unarudisha nishati ile, ila sehemu kubwa inageuka joto la breki.

Na hapa nakaza sauti. Difu yenye namba ndogo, pamoja na tairi kubwa, inapunguza uwezo wa injini kulizuia gari kwenye mteremko, kwa sababu kwa spidi ile ile injini inazunguka polepole. Aliyezoea kushuka Kitonga au Lukumburu kwa gia fulani na lori la difu ya 4.42, akipewa la 2.71 ashuke gia chini zaidi, na aichague akiwa bado juu ya mlima, kabla breki hazijapata moto. Tajiri anayebadilisha difu au matairi bila kumweleza dereva wake amemficha jambo linaloweza kumuua.

Fuso za viazi za Uwemba na Igosi zina habari yao. Zile za zamani zisizo na tabo hukosa pumzi Njombe, mji ulio zaidi ya mita 1,900, ambako hewa ni pungufu karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar. Injini iliyokwisha kupoteza nguvu hiyo, ikiongezewa tairi kubwa na magunia ya lumbesa, itapanda kila kilima gia mbili chini, ikitoa moshi mweusi ambao ni dizeli isiyoungua. Kwa Fuso hizo ushauri wangu ni mfupi: rudisha tairi la kiwandani.

Huhitaji kompyuta kujua namba zako. Kwa lori la difu moja, simamisha mahali tambarare, kaza magurudumu ya upande mmoja kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma, weka nyutro, achia handibreki, inua gurudumu la upande wa pili kwa jeki na stendi imara. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mizunguko miwili kamili, na mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara sita na kipande kidogo, difu yako ni ya sita na kipande hicho hicho. Ni mizunguko miwili kwa sababu upande mmoja umefungwa, na difu hugawa mwendo nusu kwa nusu. Kwa tairi, piga alama ya chaki likiwa na mzigo, sukuma au endesha taratibu mizunguko mitano, pima kwa futi kamba, gawanya kwa tano. Ndiyo hatua yako halisi.

Wenye dabodifu wawe waangalifu mara mbili. Krauni za ekseli zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja, na matairi yote manane yawe ya kimo kimoja. Niliwahi kuona difu ya mtumba ikifungwa nyuma kwa sababu "nyumba yake inafanana". Haikumaliza mwezi, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kwa ekseli mbili, ilijisaga yenyewe ikijaribu kusuluhisha magurudumu yasiyokubaliana. Tairi lililoisha likipakatana na jipya hufanya ugomvi huo huo polepole, maana kipara kinaweza kuwa kifupi kwa sentimita tatu.

Yule bwana wa mbao nilimwambia abaki na matairi yake ya 12.00R20. Lori lake linapakia msituni kila wiki, difu yake ni ya namba kubwa, na ile hatua ndefu ya tairi imeipunguzia injini mizunguko kadhaa ikifika lami. Alichotakiwa kubadilisha ni daftari. Tulichora safu mpya kando ya ile ya kilomita, na juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu: zidisha kwa 1.037. Kijana wake alikuwa amesimama mlangoni mwa kabati akituangalia. Tajiri akamwita, akamwonyesha hesabu ile mstari kwa mstari, kisha akampa kalamu aandike safari ya jana mwenyewe.

(Itaendelea wiki ijayo: upepo wa matairi na mizani ya Makambako.)