Bwawa Lililojaa Bado Linapunguza Mafuriko

Msomaji wa Hola ametuandikia swali lenye hasira, na hasira yake ina haki. Anauliza: ikiwa mabwawa ya Mto Tana yalijengwa kushika maji, mbona kila mvua inapozidi huko milimani, wao wa chini huambiwa mabwawa yamejaa, wahamie sehemu za juu? Tahadhari hizo zilisikika mwishoni mwa 2023, zikarudi Aprili na Mei 2024, wakati barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilipokatwa na maji upande wa Madogo. Mwishoni anaongeza dhana yake mwenyewe: wenye mabwawa huwafungulia maji wa chini ili kuta zao zisipasuke.

Jibu langu ni kwamba la kulaumu lipo, ila si hilo. Ili kulifikia, sharti kwanza tuelewe jambo ambalo kwangu ni tamu kuliko yote katika elimu ya mabwawa. Bwawa likiwa limejaa pomoni, maji yakimwagika juu ya kizingiti chake usiku na mchana, bado linapunguza mafuriko.

Namna mitambo inavyogeuza maji kuwa umeme sitaieleza, mmeisoma shuleni. Kinachotuhusu ni ramani. Tana huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri yapata kilomita 1,000 hadi Kipini, unakoingia Bahari ya Hindi. Kwenye mteremko wake wa kati yamejengwa mabwawa matano yanayofuatana, maarufu kwa jina la Seven Forks. Ukishuka na mto unakutana na Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, kisha Kiambere. Hayakujengwa kwa mpangilio huo: Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, Kiambere likaja mwisho 1988. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo la akiba. Likijaa hushika mita za ujazo bilioni 1.56, ilhali mitambo yake hutoa megawati 40 tu. Gitaru ni kinyume chake. Lina megawati 225, nyingi kuliko kituo kingine chochote cha umeme wa maji nchini Kenya, lakini bwawa lake ni dogo mno kuweka akiba ya msimu. Kwa hiyo anayeamua Masinga litoe kiasi gani leo, ameamua pia Gitaru na Kiambere yatazalisha nini.

Hesabu yake inapendeza. Chukua mita moja ya ujazo ya maji, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ikipita kwenye vituo vyote vitano huwa imeporomoka zaidi ya mita 400, na ukiondoa kinachopotea njiani unabaki na takriban uniti moja ya umeme, ile ile unayonunua kwa tokeni. Ikimwagika juu ya kizingiti bila kugusa mtambo, uniti hiyo imekwenda bure. Tena bwawa likiwa na kina kikubwa, kila lita hushuka kutoka juu zaidi na kutoa nguvu zaidi. Ndiyo maana mwenye umeme hutaka bwawa lijae na libaki limejaa. Mwaka 2000 Kenya ilikuwa katika mgao wa umeme kwa sababu ya ukame, na 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Aliyepitia miaka ile hawezi kuona nafasi tupu bwawani akalala vizuri.

Wengine nao wana haja zao. Wakulima wa mpunga wa Mwea hunywesha mashamba kwa maji ya Thiba na Nyamindi kabla hayajafika Tana, na tangu 2022 Thiba lina bwawa lake. Mwingi hunywa maji ya Kiambere. Garissa hunywa ya mto wenyewe. Skimu za Bura na Hola zinataka mto usiopanda wala kushuka ghafla. Anayeishi ukingoni anataka bwawa liwe na nafasi siku mvua kubwa inaponyesha, na nafasi hiyo ndiyo ile ile mwenye umeme anayoiona kama hasara.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe. Masinga likijaa, uso wake hutanda takriban kilomita za mraba 120. Maji hayawezi kutoka juu ya kizingiti mpaka uso huo wote upande kupita kizingiti. Ukipanda sentimita 1 tu, bwawa limemeza mita za ujazo milioni 1.2. Ukipanda mita 1, limemeza milioni 120. Maji hayo hukaa juu ya kile tunachokiita kujaa, katika nafasi isiyohesabiwa kwenye akiba ya umeme.

Kina cha maji juu ya kizingiti ndicho kinachoamua yatoke kwa wingi gani. Tena hayaongezeki kwa uwiano ule ule: kina kikiwa maradufu, yanayotoka huwa karibu mara tatu. Kwa hiyo bwawa haliwezi kutoa maji mengi kabla halijapanda, na haliwezi kupanda bila kubakiza sehemu ya yale yanayoingia. Maadamu uso unapanda, yanayotoka ni machache kuliko yanayoingia. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hii.

Aliyewahi kuvuka Likoni jioni anaijua kwa miguu yake. Saa kumi na moja, ofisi, maduka na bandari ya kisiwani Mombasa hutoa watu kwa mpigo, wote wakiteremka kuelekea kivukoni. Feri zinaondoka, lakini haziwezi kuwachukua wote, kwa hiyo banda la kusubiria linajaa. Umati ukizidi, feri nyingine huongezwa na abiria hubanana zaidi, hivi kwamba kadiri banda linavyojaa ndivyo wanaovuka kila dakika wanavyoongezeka. Jiulize basi: wanaovuka huwa wengi kabisa wakati gani? Si ile dakika ambayo watu wengi zaidi wanafika, kwa sababu wakati huo banda bado linajaa. Ni baadaye, pale wanaofika wanapopungua mpaka wakalingana na wanaovuka. Hapo banda limefikia ukomo wake, na kuanzia hapo linapungua. Muuza njugu wa ng'ambo, upande wa Likoni, hauoni kabisa ule mpigo wa saa kumi na moja. Anaona watu wakishuka kidogo kidogo, feri baada ya feri, hadi usiku uingie. Hakuna abiria aliyepotea. Wote wamevuka, ila safari zao zimegawanywa katika saa nyingi zaidi.

Na ukitaka kujua jioni itakuwaje, usiulize tu ofisi zitatoa watu wangapi. Uliza banda lilikuwa na watu wangapi saa kumi. Kama feri moja iliharibika mchana na umati wa mchana ukabaki pale pale, mpigo wa jioni utakuta hapana pa kusimama, na mlinzi wa lango atalazimika kupitisha watu mapema na kwa wingi. Hapo katikati kuna gari la wagonjwa linaloomba njia, lori la samaki ambalo barafu yake inayeyuka, na mwanafunzi anayekimbilia nyumbani. Kila mmoja ana hoja, na lango ni moja.

Wahandisi wana istilahi yao ya jambo hili, lakini Kiswahili nilichokutana nacho hakijaniridhisha. Kusema bwawa hukata kilele cha mafuriko ni kudanganya, kwani kinachokatwa huondolewa, na hapa hakuna tone lililoondolewa. Kudhoofisha nako hakufai. Maji hayana afya ya kudhoofika. Nitasema kutandaza, na nomino yake iwe utandazaji: kiasi ni kile kile, kimo kimeshuka, muda umerefuka. Mwenye neno bora alete.

Turudi Masinga tukiwa na neno mkononi. Tuseme, kwa mfano tu, maji yanaingia kwa mita za ujazo 1,500 kila sekunde na kutoka kwa 900. Tofauti ni 600. Kwa siku nzima tofauti hiyo ni karibu milioni 52, na kwenye uso wa kilomita za mraba 120 hiyo ni kupanda kwa sentimita 43. Bwawa limejaa, linamwagika, picha zake ziko kwenye kila simu, na bado limewazuilia watu wa chini maji sawa na thuluthi mbili za yale linayowapelekea. Ukiichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa maji yanayoingia na mwingine wa yanayotoka, mstari wa pili hufika kileleni mahali pale unapokutana na wa kwanza ukiwa unashuka. Si karibu na hapo. Ni hapo hapo. Kila ninapouchora huo mkutano wa mistari najikuta natabasamu peke yangu.

Hapo ndipo linapotoka pia jibu la jambo linalowashangaza wengi wa Tana River: kwa nini maji huendelea kukaa mashambani wakati Murang'a jua limeshawaka siku kadhaa. Mvua imekwisha, ila utandazaji haujaisha.

Hesabu hii ina mipaka yake, kwani ni ya bwawa linalomwagika lenyewe. Penye milango, mkono wa mtu unaweza kuivuruga. Mito ya Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya Kiambere bila kupita bwawa lolote kati ya hayo matano. Na matope ya mashamba ya milimani yameshakula sehemu ya Masinga. Tuendelee.

La kulaumu, basi, ni lipi? Ni hali ya banda saa kumi. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño ikayapandisha mabwawa, kisha masika ya 2024 yakaja juu yake. Utandazaji wa bwawa lililojaa upo, lakini ni mdogo ukilinganishwa na ule wa bwawa lililoachiwa nafasi ya mita kadhaa. Njia ya kuacha nafasi hiyo inajulikana duniani kote: ni ratiba ya kina, inayosema kwa kila mwezi bwawa lisipande kupita hapa wala lisishuke chini ya pale. Masika yakikaribia linashushwa, yakielekea kwisha linajazwa, na vuli ikikaribia linashushwa tena. Maji yanayoshushwa kupitia mitambo hayapotei; yanauzwa kama umeme. Kinachouma ni kushusha halafu mvua isije.

Zamani hofu hiyo ilitosha kufunga mjadala, maana umeme wa Kenya ulitegemea mito. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wa nchi, na upepo wa Turkana unasaidia. Kwa hiyo bei ya kuacha nafasi Masinga kabla ya masika imeshuka. Mwenye umeme anaweza sasa kulegeza mita moja au mbili kwa ajili ya mwenye nyumba ukingoni, na sioni sababu ya kutolegeza.

Lakini asije mtu akadhani kwamba kutandaza zaidi ni bora siku zote. Kule delta kuna wanaoyahitaji mafuriko. Wapokomo hulima mpunga kwenye ardhi iliyofurika, na Waorma huleta ng'ombe malishoni huko wakati wa kiangazi kwa sababu mto umekwisha kunywesha majani. Msitu wa ukingoni, makao ya jamii mbili za kima wa Tana wasiopatikana kwingine duniani, hutegemea maji hayo hayo, na delta yenyewe iliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2012. Shida ni kwamba bwawa hutandaza vizuri mafuriko madogo, yale ya kila mwaka yenye rutuba na heri, kwa sababu huyapata likiwa na nafasi. Yale makubwa yanayobomoa huyapata limejaa. Delta inanyimwa mafuriko inayoyataka na kuletewa yale isiyoyataka.

Dawa ni kuyatoa makusudi: mafuriko madogo yaliyopangwa, Mei na Novemba, yenye tarehe inayojulikana, yakipitia mitambo kadiri inavyowezekana. Sheria ya Maji ya 2016 tayari inatambua kwamba kuna maji yanayopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na ya mazingira. Bwawa la High Grand Falls, ambalo limekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi, lingeongeza nafasi chini ya Kiambere, lakini bila ratiba ya kina iliyo wazi litakuwa ukuta mwingine wa kugombania.

Ninachokiomba kwa wanaosimamia Tana hakihitaji saruji. Tangazo la kwamba Masinga limejaa halimwambii kitu mtu wa Hola. Apewe namba tatu kila siku ya mvua: maji yanayoingia, maji yanayotoka, na siku yanayotarajiwa kufika Garissa, Hola na Garsen. Zisomwe redioni kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, si kwa Kiingereza kwenye mtandao pekee. Na nyinyi mnaoishi ukingoni, mkisikia uso wa bwawa bado unapanda, jueni kwamba maji mengi zaidi yanayoweza kutoka bado hayajatoka. Hameni wakati huo, msingoje.