Ushauri Nasaha Ulianza na Watu 16

Anayekwenda kupima virusi vya UKIMWI hupewa ushauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupata majibu. Je, huduma hii ilianzaje katika Afrika Mashariki?

Chanzo chake

Mwaka 1986 Mama Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mume wake, Christopher, aliugua UKIMWI akiwa masomoni Uingereza. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameongezewa damu baada ya ajali. Huko Uingereza wauguzi walimgusa na kuzungumza naye bila woga. Aliporudi Uganda, wengi waliogopa hata kumkaribia. Alifariki Januari 1987.

Mwaka huohuo, mama huyo na wenzake, jumla watu 16, walianzisha shirika la TASO. Karibu wote walikuwa wagonjwa au wenye mgonjwa nyumbani. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Walichokuwa nacho ni muda wa kusikilizana na uwezo wa kutunza siri. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam kwa shabaha ileile.

Kwa nini gharama yake ni ndogo?

Ushauri nasaha hauhitaji mashine. Unahitaji mtu aliyefundishwa, mahali pa faragha na viti viwili. Kwa familia za mwambao wa Ziwa Tanganyika jambo hili ni kubwa, kwani nauli ya boti hadi Kigoma mjini ni mzigo. Mshauri anayeishi kijijini humwondolea mgonjwa safari hiyo.

Mshauri mwema hufanya nini?

1. Husikiliza kuliko anavyosema.
2. Hatoi siri ya mtu, hata kwa ndugu zake, bila ridhaa yake.
3. Halaumu wala haulizi, "Uliupata wapi?"
4. Humsaidia mgonjwa kuamua mwenyewe: nani aambiwe, watoto watatunzwaje.
5. Humpeleka kituo cha afya panapohitajika tiba.

Je, bado unahitajika?

Ndiyo. Tangu mwaka 2004 dawa hizo zimetolewa bure katika vituo vya serikali hapa Tanzania. Lakini mama anayezificha ili mumewe asizione, au mvuvi anayeziacha nyumbani akienda dago kwa kuogopa wenzake, ataruka siku. Akiruka mara kwa mara, virusi huzizoea dawa, nazo hushindwa kufanya kazi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Wazazi, kama nyumbani yuko mgonjwa, msimtengee sahani wala kikombe. UKIMWI hauambukizwi kwa kula pamoja. Kaeni naye, mle naye, mmsikilize. Hiyo ndiyo kazi waliyoianza wale 16, na kila nyumba inaweza kuifanya.