KUJIAMINI KWA MFANYAKAZI: KUNATOKA WAPI NA KUNAFIKA WAPI?



Hapa Juba kuna maneno mawili tunayoyasikia kila siku, viwandani, sokoni Konyo Konyo na hata katika mikutano ya matawi. La kwanza ni la yule asemaye, "Mimi ni kibarua tu, mambo hayo siyawezi." La pili ni la wahubiri wa mafanikio, wanaomwambia mtu kwamba akiamini tu moyoni mwake, cheo na mali vitamjia. Maneno haya yanaonekana kupingana, lakini yote mawili yanamdhuru mfanyakazi. La kwanza linamfunga miguu kabla hajaanza safari. La pili humwambia, pale anaposhindwa, kwamba kosa ni lake mwenyewe kwa sababu hakuamini vya kutosha.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza katika ukurasa huu kujiamini ni kitu gani, kunamsaidiaje mtu katika kazi na biashara, na mpaka wake uko wapi.

Maana yake

Kujiamini si kujisifu, wala si kupaza sauti mbele za watu. Ni imani ya mtu kwamba kazi fulani anaiweza. Tunasema "kazi fulani" kwa makusudi. Dereva anaweza kujiamini kabisa kulipeleka lori lililojaa shehena kutoka Nimule mpaka Juba, kilomita 192, lakini akatetemeka akipewa karatasi ya hesabu aijaze. Mama anayeponda kokoto kule Jebel Kujur anaweza kujiona hana ujuzi wowote, ilhali kila siku anakadiria mzigo, anapatana bei na kugawa fedha ya chakula cha watoto.

Tuchukue mfano wa vijana wawili wa kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa. Wana nguvu sawa na elimu sawa. Mashine ikikwama, wa kwanza humwita fundi kisha akaenda kukaa kivulini. Wa pili humwita fundi vile vile, lakini hubaki kando yake, akamshikia spana na kumwuliza maswali. Baada ya mwaka mmoja wa pili anaweza kuifungua mashine mwenyewe, na nafasi ya fundi msaidizi ikitokea ataiomba. Hapa hakuna miujiza. Anayeamini kwamba anaweza hujaribu. Anayejaribu hukosea na kujifunza. Aliyejifunza hufaulu, na kufaulu kwake kunamwongezea imani. Asiyeamini huacha mapema, kisha husema, "Mnaona? Niliwaambia siwezi."

Chemchemi nne

Mtaalamu wa tabia na fikira za watu, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba imani hii ina chemchemi nne. Tunazieleza kwa mifano ya kwetu.

Ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote, ni kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya akafaulu. Aliyefyatua matofali mia moja mazuri anajua kwamba anaweza kufyatua mengine.

Ya pili ni kumwona mwenzako, mtu wa hali yako, akifaulu. Tarehe 28 Julai 2024 timu yetu ya taifa ya mpira wa kikapu iliishinda Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79 katika Michezo ya Olimpiki huko Ufaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu hiyo kushiriki, na nchi yenyewe ilikuwa imepata uhuru mwaka 2011 tu. Kijana wa Juba aliyesikia habari ile alijiona mwenyewe uwanjani. Lakini tusisahau jambo moja: wengi wa wachezaji wale walikulia na kufundishwa ng'ambo, wakapata walimu, viwanja na chakula. Imani yao ilikuwa na zana.

Ya tatu ni neno la mtu unayemwamini. Nyapara anayesema "wewe mjinga" kila asubuhi anapunguza kazi ya siku ile. Msimamizi anayesema "jana ulikosea hapa, leo fanya hivi" anaiongeza. Hata hivyo, sifa tupu hazidumu, maana mtu akisifiwa asipofundishwa, kazi yenyewe itamwumbua.

Ya nne ni hali ya mwili na moyo. Mtu mwenye njaa, asiyelala kwa homa au kwa hofu ya milio ya risasi, huona kila kazi ni mlima. Ndugu zetu wa mashamba wanaojidamka na kushika jembe bila kutia kitu tumboni wanaelewa habari hii bila kuelezwa na mtaalamu. Ndiyo maana chama kinapodai chakula cha mchana, maji safi na zamu zenye saa za haki, kinadai pia hali inayomwezesha mfanyakazi kujiamini.

Ushahidi kutoka Togo

Je, mambo haya yamepimwa? Naam. Katika mji wa Lomé, nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara, kama vile hesabu na uuzaji. Kundi la pili lilifundishwa kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele, kutafuta kitu ambacho jirani hauzi, na kuendelea baada ya pigo. Kundi la tatu halikufundishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Katika muda wa miaka miwili na zaidi kidogo, kundi la pili lilipata faida iliyozidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30. Kundi la hesabu lilizidi kwa asilimia 11, tofauti ambayo watafiti walisema huenda ilikuwa ya bahati tu.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Watu wale hawakuambiwa "amini utafanikiwa" kisha wakaachwa waende zao. Waliyokuwa wakifundishwa waliyajaribu katika biashara zao wenyewe, na wakufunzi waliwafuata kuona wamefika wapi. Hiyo ndiyo chemchemi ya kwanza, yaani imani iliyotokana na vitendo.

Imani inavyovunjwa

Kama imani inajengwa kwa mambo yaliyotendeka, basi inavunjwa kwa mambo yaliyoahidiwa yasitendeke. Ushahidi wa hili tunao hapa hapa Sudan Kusini.

Benki ya Dunia ilisaidia mpango wa kuwaanzishia vijana wa nchi hii biashara. Kila kijana aliyechaguliwa alikuwa apewe mafunzo pamoja na dola 1,000 za mtaji. Mafunzo yalitolewa. Kisha mapigano yakazidi mwaka 2016, na ugawaji wa fedha ukafutwa kabla wote hawajapata. Watafiti walipowatazama vijana hao baadaye, waliona kwamba waliofundishwa wakaahidiwa fedha wasizipate walirudi nyuma: matumizi ya nyumbani kwao yalipungua, na wanawake miongoni mwao walipoteza imani kwa watu wengine. Ahadi isiyotimizwa iliwaacha vibaya kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu.

Wazee wa Equatoria ya Magharibi nao wana kumbukumbu yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya wakati ule ilianzisha mradi wa pamba katika nchi ya Wazande, na kiwanda kikajengwa Nzara. Watu wa kijijini waliingia wakaendesha mitambo ya kusokota na kufuma, wala haikuwashinda. Lakini maamuzi yalifanywa juu yao bila wao. Mwaka 1955 wafanyakazi wapatao 300 waliachishwa kazi, na tarehe 26 Julai mwaka huo waandamanaji wakapigwa risasi, watu wakafa. Ujuzi wa mikono haukuwa na kasoro. Kilichovunjika ni tumaini la watu kwamba jasho lao litaheshimiwa.

Mpaka wa kujiamini

Sasa tuseme wazi jambo ambalo wahubiri wa mafanikio hawalisemi. Kuna mambo ambayo imani ya mtu mmoja haiyafikii.

Mwezi Desemba 2015 Benki Kuu iliacha kushikilia bei ya pauni yetu, nayo ikashuka kwa siku moja kutoka pauni 3 hivi kwa dola hadi zaidi ya 18. Mwezi Oktoba 2016 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 kuliko mwaka mmoja nyuma. Kiwanda cha bia cha Southern Sudan Beverages, kilichofunguliwa Juba mwaka 2009, kilifungwa mwaka 2016 kwa sababu fedha za kigeni za kununulia malighafi hazikupatikana. Mamia ya wafanyakazi waliojua kazi yao vizuri walirudi nyumbani. Je, hawakujiamini? La hasha! Hakuna imani ya fundi inayoweza kuleta dola benki.

Basi ndugu aliyepoteza kazi kwa sababu kama hizo asijilaumu, wala asikubali kulaumiwa. Kadhalika mfanyabiashara mdogo ajue kwamba kujiamini bila hesabu ni kamari. Katika miezi ile, aliyeuza sukari kwa bei ya jana bila kuuliza bei ya kuinunua tena alimaliza mtaji wake huku akicheka na wateja.

Tufanye nini?

Kutokana na hayo tunashauri matawi yetu yafanye mambo manne.

(a) Kila fundi achukue kijana mmoja au wawili wa kusimama kando yake, nao wapewe sehemu ndogo ya kazi ya kuikamilisha wenyewe. Tawi liombe jambo hili kwa mwajiri, kwa maana tija nayo itapanda.

(b) Mwanachama aliyefaulu, awe amepanda cheo au ameanzisha kibanda, aitwe mkutanoni aeleze alianza na kiasi gani, alipata hasara wapi, na alifanyaje baada ya hasara. Tusilete tajiri wa mbali, tulete jirani.

(c) Wenye sanduk, yaani ule mchango wa zamu ambao ndugu wa Kenya huuita chama na wa Tanzania huuita upatu, waanze na kiasi kidogo ambacho kila mtu anakiweza, na zamu ya mtu isirukwe hata mara moja. Kiasi kidogo kilicholipwa kwa siku yake kinajenga imani kuliko ahadi kubwa.

(d) Viongozi wa matawi wasiahidi nyongeza ya mshahara ambayo haijaandikwa. Waseme tumeomba nini, tumejibiwa nini, na tutarudi lini kwa mwajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 inatambua haki ya mfanyakazi kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Mtu aliyeogopa kumwuliza mwajiri peke yake, akiingia ofisini na wenzake watano na kutoka na jibu, siku nyingine haogopi tena. Hiyo nayo ni chemchemi ya kwanza: jambo amelitenda, na ameliona limewezekana.

Tunaomba kila tawi lichague moja kati ya haya manne, lianze nalo mwezi huu, na litoe taarifa katika mkutano wake ujao. Lianze na moja tu, ila lilimalize.